Akipenda, Chongo Huita Kengeza

Mahubiri ya Jumapili ya 8 ya Mwaka C. Masomo: YbS 27:4-7; 1 Kor 15:54-58; Lk 6:39-45



Leo Mama Kanisa anatusomea sehemu ya Injili ya Luka ambayo wengi wetu tunaijua tangu utoto wa mafundisho: habari ya kibanzi na boriti, na habari ya mti unaotambulikana kwa matunda yake. Somo la kwanza, katika Kitabu cha Yoshua bin Sira, linatupeleka kwenye chekecho linalotikiswa hata takataka zikabaki, na kwenye tanuri ya mfinyanzi inayokijaribu chombo. Haya tumeyahubiri mara nyingi, na hatuna budi kukiri kwamba mara nyingi tumeyahubiri huku kidole kimewaelekea wengine. Leo tunaomba ruhusa yenu tupite njia nyingine. Tutazungumza juu ya mbwa.

Msicheke, wala msidhani kwamba mitambo ya redio imechanganya mawimbi. Tutafika kwenye Injili, na tutafika hata kwetu wenyewe.

Kila mwaka mapadre wengi kutoka Afrika huenda Marekani wakati wa kiangazi cha huko, kuhubiri katika parokia na kuomba msaada kwa ajili ya misheni. Mwezi wa Agosti mwaka 2014 zamu hiyo ilitufikia sisi, tukajikuta katika parokia ndogo ya mashambani katika jimbo la Kentucky. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja mjane, fundi wa matrekta aliyestaafu, mtu wa Misa ya kila siku na wa maneno machache. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mabanda sita ya mbwa wa kuwinda. Jioni ya pili alituuliza kama tungependa kutoka naye usiku. Tulidhani anatukaribisha kwenye sala ya rozari ya jirani. Alituletea mabuti ya mpira na taa ya kufunga kichwani.

Huko huwindwa mnyama aitwaye rakuni. Ni mkubwa kuliko paka, mkia wake una pete nyeusi, na machoni ana baka jeusi kama mwizi aliyejifunga kitambaa. Jina lake Waingereza walilipata kwa wenyeji wa asili wa Virginia, na maana yake ni yule akwaruzaye kwa mikono. Hutembea usiku kandokando ya vijito na mashamba ya mahindi, na akifukuzwa hupanda mti. Basi kazi ya mbwa ni kuipata harufu, kuifuata gizani peke yake, kuutambua mti alioupanda, na kukaa pale akibweka mpaka bwana wake afike. Mtu haoni kitu. Anasimama kwenye giza na kusikiliza. Sauti ya mbwa anayefuata harufu ni ndefu na ya kuvuta. Akifika penye mti hubadilika ikawa fupi fupi, ya mfululizo, kama mtu anayepiga nyundo. Mwenye mbwa huitambua sauti ya wake miongoni mwa nyingi kama mama amtambuavyo mtoto wake anayelia kwa jirani.

Kutokana na uwindaji huo Wamarekani wameunda mashindano, nayo yana taratibu nzito kuliko tulivyodhani. Yapo mashirika yanayoandika vizazi vya mbwa na kuweka sheria. Mojawapo, United Kennel Club, lilianzishwa mwaka 1898. Katika mashindano hayo rakuni hauawi. Kinachotafutwa ni ukweli wa mbwa. Mbwa wasiozidi wanne huachiliwa pamoja. Mtu akisikia kwamba mbwa wake ameshika harufu, humtaja kwa jina. Wa kwanza kutajwa huandikiwa alama 100, wa pili 75, wa tatu 50 na wa nne 25. Hali kadhalika penye mti: wa kwanza 125, kisha 75, 50 na 25. Hapo watu huenda na taa zao kuuangalia mti. Rakuni akionekana, alama zote ni faida. Ikiwa ni dhahiri kwamba mti ni mtupu, alama zile zile hugeuka kuwa deni. Tena mtu amwitaye mbwa wake upesi kwa tamaa ya zile 125, halafu mti ukawa mtupu, ndiye anayepoteza nyingi kuliko wote.

Lakini iko hali ya tatu. Mti una tundu, au majani yamefunga kiasi kwamba mnyama angeweza kuwamo na asionekane. Hapo mwamuzi huzizungushia alama duara kwenye karatasi, zikawa si faida wala si hasara. Sheria hiyo ina haki yake, kwa maana si vema kumwadhibu mbwa kwa jambo ambalo macho ya watu yameshindwa kulithibitisha. Hata hivyo, wapendwa, mzee wetu alituambia kwamba ndani ya lile duara ndimo uongo wote wa wawindaji unamolala usingizi.

Kabla ya kwenda naye mbali zaidi, tuzitaje kasoro zenyewe, kwa kuwa kila moja ina sura ya mtu. Yuko mbwa mpayukaji, ambaye hubweka bila harufu yoyote, kwa kupenda tu kusikika. Yuko mfuata mkumbo: maisha yake yote hajapata kuugundua mti hata mmoja, lakini wenzake wakishaufikia, yeye hubweka kuliko wote, na mgeni humdhani ndiye kiongozi. Yuko anayeacha mti kabla bwana hajafika. Yuko anayeanza na rakuni akaishia kwa kulungu. Yuko mgomvi, naye sheria haina mzaha naye, hutolewa mashindanoni usiku ule ule. Na yuko yule aliye hatari kuliko wote kwa sababu anapendeza kumsikiliza: mwenye sauti nzuri, mwepesi, asiyesita, anayeubwekea mti mtupu kwa uhakika ule ule anaoubwekea mti wenye mnyama.

Na sasa sikilizeni udhuru wake. Bado ni mdogo, atakua. Ardhi ni kavu mno, harufu haikai. Upepo umeihamisha kutoka mti ule kuja huu. Mbwa wa fulani ndio waliompoteza, nyumbani hafanyi hivyo. Rakuni alikuwamo, ila ameruka akahamia mti wa pili. Baba yake alikuwa bingwa, damu haipotei. Katika usiku mmoja tuliyasikia haya yote, yakisemwa na watu wazima wenye mvi, kwa uso usiopepesa. Wahenga wetu hawakupata kumwona rakuni, lakini walimjua sana mtu huyu waliposema: akipenda, chongo huita kengeza.

Jambo lililotugusa zaidi ni la mwamuzi. Mara nyingi katika vikundi hivyo mwamuzi naye ana mbwa wake miongoni mwa wanne. Anashika karatasi kwa mkono mmoja na kamba ya mbwa wake kwa mkono wa pili. Sheria inaruhusu, na mahali ambapo watu ni wachache pengine hakuna njia nyingine. Mzee alisema kwamba usimpime mwamuzi kwa mbwa wa wenzake. Msubiri mbwa wake mwenyewe aubwekee mti mtupu, ndipo umwangalie anavyoishika kalamu.

Alikuwa pia na shutuma juu ya vipimo vyenyewe. Kwa fikra zake, mashindano yanatuza wepesi. Muda ni mfupi, kwa kawaida saa mbili. Alama ni za anayewahi. Basi watu huchagua madume yanayobweka upesi penye mti, huyapandisha kwa majike ya namna hiyo hiyo, na baada ya vizazi kadhaa wanapata mbwa anayekimbilia mti wowote kama mtoto anayenyoosha mkono darasani kabla swali halijaisha. Wako wawindaji wanaompinga, wakisema kwamba mbwa mwongo hawezi kushinda daima kwa sababu madeni ya alama yatamla. Sisi hatuna ujuzi wa kuwaamua. Tunachoweza kusema ni kwamba hata katika seminari tumewahi kuona kipimo kimoja kikipendwa mno, sauti ya kuimba kwa mfano, mpaka kikafunika vingine vyote.

Walker, mmoja wa jamii zinazosifiwa sana katika uwindaji huo, hueleza asili yake kwa kisa kinachochekesha. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 dume mmoja aliibwa Tennessee akaletwa Kentucky. Asili yake haikujulikana, na umbo lake halikufanana na mbwa waliothaminiwa wakati ule. Lakini alijua kazi. Wakampandisha kwa majike yao, na damu yake ikaenea. Wizi ule hatuusifu, ndugu zangu. Ila watu wale hawakumuuliza mbwa baba yake ni nani, walisikiliza alichokibwekea.

Turudi kwa mzee. Mbwa wake mwenyewe, dume mwenye madoa, alikuwa na cheo cha ubingwa wa usiku, na watu walimlipa mzee ili majike yao yapandwe naye. Usiku ule aliubwekea mti mara tatu. Mara zote tatu ulikuwa mti mkubwa wenye majani mazito ya Agosti. Tulizunguka na taa mpaka shingo zikatuuma, hatukuona kitu. Mwenzake mmoja alimpiga begani akasema kwamba bila shaka mnyama alikuwamo. Mzee hakujibu. Tulipokuwa tukirudi garini alituambia, polepole, kama mtu aliye kwenye kitubio ingawa haikuwa kitubio, ya kwamba kwa miaka minne amekuwa akisema maneno yale yale, na kwamba amekwisha kuchoka kuyasikia kinywani mwake. Tukamwuliza atajuaje ukweli. Akasema: majani yataanguka.

Mwezi wa Januari tulipokea barua yake. Majani yalikuwa yameanguka, miti imebaki mifupa mitupu inayoonekana yote mpaka kileleni. Alikuwa ametoka na yule dume peke yake usiku saba. Alimsifu kwa miti miwili ya kweli. Mingine yote ilikuwa mitupu, na mbwa aliibwekea kwa sauti ile ile nzuri. Mzee aliacha kumpandisha. Aliwaandikia watu waliokuwa wamenunua watoto wa dume yule, akawaeleza, akawarudishia fedha waliotaka. Baadhi yao walikasirika, si kwa sababu waliuziwa mbwa wabaya, bali kwa sababu nao walikuwa wamekwisha kuwauza wajukuu. Dume lenyewe hakuliua wala kulifukuza. Aliandika kwamba analala karibu na jiko la kuni na anazeeka kwa amani.

Katika barua hiyo alitueleza pia juu ya makaburi ya mbwa yaliyo katika jimbo la Alabama. Tarehe 4 Septemba 1937 mwindaji aitwaye Key Underwood alimzika hapo mbwa wake Troop, na tangu hapo wamezikwa wengine zaidi ya 180. Hazikwi mbwa yeyote tu. Mwenyewe hana budi kudai kwamba marehemu alikuwa kweli mbwa wa rakuni. Shahidi wa pili hana budi kukiri hivyo. Na mmoja wa wasimamizi wa makaburi hana budi kumwona na kukubali. Tulipoisoma habari hiyo tulitabasamu, kisha tabasamu likatupungukia. Sisi mapadre huzika watu kila wiki, na sifa tunazozisoma juu ya jeneza hutolewa na familia yenyewe, hakuna anayemwita shahidi wa pili.

Sasa tumefika mahali tulipoahidi kufika. Tunaliomba Kanisa la nyumbani lisikilize, na hasa makatekista.

Katika parokia moja tuliyopata kuitumikia tulikuwa na katekista hodari. Hatutamtaja, wala parokia. Alijua Katekisimu kwa moyo, vigango vya mbali alivifikia kwa baiskeli hata wakati wa masika, na Pasaka moja aliwaleta kwenye maji ya ubatizo watu wazima 43. Askofu alimsifu mbele ya umati. Mtu huyo alikuwa akimpiga mke wake.

Tulilisikia jambo hilo kwanza kwa mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo. Tukasema ni maneno ya majirani. Mara ya pili tulilisikia kwa watawa wa zahanati. Tukasema ni uchovu, mtu anatembea kilomita nyingi na njaa, hasira huja. Mara ya tatu tulimwona mama mwenyewe kanisani, jicho limevimba, na tulipomwuliza alisema ameanguka kisimani. Tulijua kwamba hakuanguka. Tukachagua kumwamini, kwa maana ilikuwa Kwaresima, na wakatekumeni 43 walikuwa wanasubiri, na hatukuwa na mwalimu mwingine. Angalieni jinsi tulivyokuwa na karatasi kwa mkono mmoja na kamba kwa mkono wa pili. Sifa za katekista yule zilikuwa sifa za parokia yetu. Tukazungusha duara.

Mwaka uliofuata kijana mmoja aliyefundishwa ndoa na katekista huyo aliletwa kwetu kwa kumjeruhi mkewe. Tulipomkemea alituuliza, pasipo dharau yoyote, kama jambo hilo ni dhambi kubwa kiasi hicho, mbona mwalimu mwenyewe hufanya, na Padre anajua. Hapo tuliona kwamba kile tulichokiita udhaifu wa mtu mmoja kilikuwa kimekwisha kuzaa. Watu hawakuwa wamejifunza kwa maneno yake peke yake.

Hata hivyo tulichelewa tena, majuma matatu, tukitafuta namna ya kusema naye bila kumvunja. Usiku mmoja mlango wa nyumba ya mapadre uligongwa. Mama alisimama pale na mtoto mgongoni, mkono wake wa kushoto umevunjika chini ya kiwiko. Hakulia. Alisema: "Baba Paroko, nimekuja kuuliza tu. Mlijua tangu lini?"

Katekista tulimwondoa kazini asubuhi yake. Alijitetea, na tuliona aibu kumsikiliza, kwa kuwa kila neno lilikuwa letu: uchovu, njaa, umbali wa vigango, wale 43. Hatukuweza kumwambia kwamba ni visingizio pasipo kujiambia wenyewe. Alipelekwa mbele ya vyombo vya sheria, baadaye akarudi, na kwa muda mrefu aliketi kwenye benchi la mwisho la kanisa bila kufundisha. Hatumhukumu hapa. Mti wake una matunda mengine ambayo Mungu anayaona kuliko sisi, na wengi wa wale 43 ni Wakristo imara mpaka leo.

Ndiyo maana tunapoisoma Injili ya leo, hatuioni boriti kama kipande cha mti kilichoingia jichoni kwa bahati mbaya. Tuliichonga sisi, udhuru juu ya udhuru, na kila udhuru ulikuwa na upendo kidogo ndani yake. Ndiyo sababu haukutuuma. Na Bwana, katika Injili hiyo, hasemi kwamba kibanzi cha ndugu kiachwe. Anataka kiondolewe, na mtu anayeona vizuri. Wako wanaoitumia Injili hii kumnyamazisha kila anayesema kweli, wakimwambia atazame lake kwanza. Huyo naye ni mbwa anayeubwekea mti mtupu. Mwenyekiti wa jumuiya hakuwa na boriti yoyote alipokuja kutueleza. Sisi ndio tuliokuwa nayo.

Mama yule alirejea kwao, akapona mkono, akafungua genge la mboga. Ameturuhusu kusimulia haya mradi jina lake lisitajwe. Mwezi uliofuata ule usiku tulisafiri mpaka kijijini kwao kumwomba radhi. Alitupokea kwa heshima zote, akatupangusia kiti, akatupikia chai, akamwita mtoto aje kutuamkia. Swali lake hakulirudia. Tulikaa mpaka jua likashuka, chai ikapoa, nasi tukaondoka bila kulijibu.

Tumsifu Yesu Kristo.